Mali ya Mtu Asiyekuwepo

Simu ya Mama Zaituni ilinikuta ndani ya chumba cha mkutano, siku ya tatu ya kikao, tukiwa tunabishana juu ya neno "ridhaa". Niliiona ikiwaka bila sauti juu ya makaratasi, nikaiacha. Ikawaka tena. Mama Zaituni hapigi mara mbili bila sababu, kwa hiyo niliomba radhi nikatoka kwenye korido yenye zulia la kijivu, nikasimama karibu na mashine ya kahawa. "Karani," akasema, maana hajawahi kuniita kwa jina langu tangu tufahamiane, "Salvatori ametutoka. Jana alasiri. Alikuwa anashona wavu, akasema amechoka, akajilaza." Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. "Kula," akasema, "kisha uje."

Kazi yangu ni sheria ya anga za mbali. Nikisema hivyo Kigoma watu hucheka kwanza, halafu huuliza kama huko juu kuna mahakama. Mahakama hakuna, lakini kuna vyombo vingi: satelaiti zinazofanya kazi, satelaiti zilizokufa, maganda ya roketi, na vipande vidogo vidogo vilivyotokana na vile vikubwa kugongana. Kila kipande kinaweza kugonga kingine na kuzaa vipande zaidi, na tukiendelea hivi wajukuu wetu watakuta njia za kuzunguka dunia zimezibwa. Ugumu ni kwamba chombo kilichorushwa angani kinabaki chini ya nchi iliyokisajili na kuwa mali ya mwenyewe, hata kikifa, hata kikivunjika. Mwingine hana ruhusa ya kukigusa bila ridhaa. Kipengele nilichokuwa nakitetea siku ile kilikuwa kifupi: anayerusha chombo atoe ridhaa mapema, chombo kikiwa bado kiko ardhini, kwamba kikifa na yeye akashindwa kukishusha, wengine wanaweza kukiondoa. Wenzangu huniuliza nililitoa wapi wazo hilo. Huwajibu kwamba nililitoa kwenye mwalo wa dagaa, pale wavuvi wanapopandisha samaki, nao hudhani nawatania.

Nilifika Kigoma siku nne baadaye, Salvatori ameshazikwa Mwandiga karibu na nyumba za wanawe. Nilikwenda kutoa pole, nikakaa na waumini wenzake wa kanisani, nikala ugali wa muhogo kwa mikono kama wengine, kisha nikashuka Ujiji kwa Mama Zaituni. Nyumba niliyopanga zamani ni ileile. Korido ndefu katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na harufu ya mawese ambayo imeingia ndani ya ukuta na haitatoka tena. Alinipeleka mwenyewe kwenye chumba cha tatu mkono wa kushoto, akipapasa ukuta kwa sababu macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Kitanda cha chuma kipo. Meza ipo pia. Zamani ilikuwa mlango wa duka, na pete ya kufuli bado imepigiliwa pembeni. Kwa mwaka mzima ilinichana mkono wa shati kila nilipoandika. Nilikaa pale nikaigusa ile pete, na mwaka ule ukarudi wote.

Nilikuwa nimemaliza chuo na shahada ya sheria, na sikuwa na kazi. Kamati ya mwalo wa Kibirizi ilihitaji karani wa kutunza daftari la vyombo: nani ana mtumbwi gani, nani ana wavu gani, nani ni nahodha wa nani. Nilipata nafasi hiyo kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Mama Zaituni alikuwa mjumbe wa kamati, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika kutoka mchangani hadi majini. Alianza kwa kubeba matenga ya dagaa kichwani, akaja kuwa mwanikaji, na mwaka niliofika alikuwa na kipe chake mwenyewe. Kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukiteremshwa katikati yake; taa za karabai huwashwa juu ya maji, dagaa wakaifuata nuru, na wavu ukavutwa juu ukiwa umejaa. Wanawake wenye vipe pale walikuwa wachache sana. Alinipangisha chumba siku ya kwanza, akanitazama kuanzia viatu hadi miwani, akasema, "Karani, hapa hatuli chipsi."

Hatukula chipsi. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa lile, iliyokaangwa kwa mawese, au dagaa wabichi waliochemshwa kwa nyanya na ndimu mpaka mchuzi ukawa mzito, na siku za Ijumaa wali. Tulikula uani, kwenye mkeka, na aliyekuja wakati huo alikaribishwa: nahodha wake Juma, wanawake walioanika pamoja naye, jirani aliyeleta habari. Mimi nilikula polepole na kusikiliza. Nilikuwa na tabia ambayo sijaiacha, ya kuingia chumbani baada ya chakula na kuandika niliyoyasikia. Madaftari hayo ninayo hadi leo, na maneno mengi ninayoyaandika hapa nimeyatoa humo.

Jambo la kwanza nililoandika lilikuwa hili: Kibirizi hawagusi wavu wa mtu. Unaweza kuacha wavu wako mchangani ukaenda msibani Kasulu, ukarudi baada ya wiki mbili ukaukuta umelala vilevile, umezungukwa na nyayo za watu waliopita kando. Wavu ukielea majini bila mwenyewe, utapitwa. Aliyewahi kuvuta wavu wa mwenzake, hata kwa nia njema, jina lake lilitajwa mbele ya watu wote pale mwaloni, na baada ya hapo hakupata mtu wa kuvua naye. Jambo la pili lilikuwa siku za mwezi. Mwezi ukiwa mpana nuru ya karabai haina nguvu, dagaa hawaifuati, kwa hiyo mwalo mzima hupumzika. Watu hushona nyavu, huziba mitumbwi, huoa, huenda kusalimia ndugu. Giza likirudi, wote hurudi majini. Kila kitu pale kilipangwa kwa kufuata hayo mawili: mwezi, na mali ya mtu.

Na palikuwa na kipe cha Rukoba. Kilikuwa kimezama mbele ya mwalo kabla sijafika, siku ya dhoruba, pamoja na wavu wake, miti yake, nyaya na mawe ya nanga. Kilizama mahali pabaya, kwenye njia ambayo vipe vilipita kutoka na kurudi, kama pima sita kwenda chini. Rukoba mwenyewe alikuwa ameondoka akiwa mgonjwa na hakurudi. Wote walisema alikuwa mtu wa ng'ambo, yaani wa upande wa pili wa ziwa, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mwezi wangu wa pili kazini, wavuvi walikuja kwenye kikao wakitaka kukitoa. Salvatori ndiye aliyesema kwa niaba yao. Alikuwa kijana mpana wa mabega, familia yake ilitoka Burundi na kuhamia Mwandiga yeye akiwa mdogo, na alikuwa mzamiaji hodari kuliko wote. "Siku za mwezi zinakuja," alisema. "Tutakuwa na nafasi. Mnipe kamba na watu kumi."

Mwenyekiti alijikuna shingo. Alijua mila, hakutaka kuwa yeye wa kuivunja. Akanigeukia. "Karani, wewe umesoma. Sheria inasemaje?"

Nilisimama. Nakumbuka nilirekebisha miwani. Nikasema kwamba mali ya mtu inabaki mali yake hata akiwa hayupo, kwamba kuitoa bila ridhaa yake ya maandishi ni kujitafutia kesi, na kwamba mimi mwenyewe ningemwandikia barua. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nilikuwa nimechukua mila yao na kuivika koti la sheria, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kusogea. Niliandika barua tatu. Nilizipeleka kwa meli na kwa mitumbwi ya biashara, juu ya bahasha nikiwa nimeandika "Bwana Rukoba, mvuvi", na jina la mji ambao watu walidhani ndio wake. Salvatori aliiona ya tatu mkononi mwangu. "Umeliandikia ziwa," akasema. "Likikujibu uniite."

Miezi ikapita. Katika daftari langu nilikuwa na safu niliyoipa jina "Imenasa". Kwanza ilikuwa pembe ya wavu wa mtu mmoja, ikakatwa, ikabaki chini. Kisha kamba ya nanga ya mwingine. Kisha wavu nusu. Kila kilichonasa kilikatwa kuokoa chombo, na kila kilichokatwa kilibaki kule kule na kuanza kunasa vingine. Niliyaandika haya kwa wino mweusi, kwa tarehe, kwa mpangilio mzuri. Asubuhi moja Salvatori alitoka majini akiwa anatetemeka, akaja kusimama mbele ya meza yangu, maji yakidondoka juu ya daftari.

"Karani, kimekua."

"Nini kimekua?"

"Kile kitu. Mara ya kwanza nilipokiona kilikuwa kipe. Sasa hivi ni kijiji. Kina mitaa."

Nilipangusa maji kwenye ukurasa nikaandika kwamba kimekua. Sikufanya kingine.

Baada ya hapo ukanasa wavu wa Mama Zaituni. Ilikuwa asubuhi ya mwisho ya giza, vipe vinarudi, wanawake wamejipanga mchangani na beseni zao. Juma na vijana wake waliamua kuvuta mara moja ya mwisho karibu na mwalo, mkondo ukawasukuma, wavu ukiwa chini ukagusa kile kijiji na kushikwa. Tuliwaona kutoka ufukweni. Kipe kiliinama upande mmoja mpaka karabai moja ikaingia majini, watu wakapiga kelele, kisha Juma akatoa kisu. Mama Zaituni alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliposikia kamba ya kwanza inakatika alisema tu, "Kata zote, mwanangu, kata zote," kwa sauti ya chini ambayo Juma hakuweza kuisikia. Waliokoa chombo na watu. Wavu mzima ulibaki chini.

Jioni ile alipika kama kawaida. Kulikuwa na mgebuka mmoja mkubwa, naye akanipa kipande cha katikati, kilekile alichonipa kila siku. Nilikitazama sahanini mpaka mawese yakaganda. Angenitukana ningekula. Baadaye nikiwa chumbani nilimsikia Juma kwenye korido, anaongea taratibu kama anayeongea na mgonjwa. "Mama, vijana wana watoto. Kuna mtu wa Katonga ana kipe kipya, anawataka. Giza likianza na wavu hakuna, wataondoka." "Siwalaumu," akasema Mama. "Na mimi nitakwenda nao, Mama." "Na wewe sikulaumu," akasema. "Giza linaanza lini?" "Siku kumi na mbili." Nilisikia vikombe vinakusanywa. Nilijua maana yake, hata mimi mgeni. Kipe bila wavu na bila watu ni kuni. Katika siku kumi na mbili Mama Zaituni angerudi kubeba matenga ya watu wengine, na aliyemfikisha hapo hakuwa Rukoba. Alikuwa mimi, na ile safu yangu ya wino mweusi.

Kesho yake nilimkuta Salvatori ameketi mchangani anashona wavu, uzi umebanwa kwenye kidole gumba cha mguu. Nikamuuliza kama alimfahamu Rukoba.

"Nilimvulia miaka miwili."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliuliza? Ulisimama ukaeleza sheria. Mimi nikasema huyu amesoma, bila shaka ana njia yake." Aliuma uzi. "Halafu nilikuwa napenda kuona unavyolamba zile stempu."

"Salvatori, tafadhali. Ng'ambo anakaa wapi?"

"Ng'ambo gani? Rukoba ni Muha wa Kalinzi, juu hapo. Alikwenda ng'ambo kununua injini, akakaa miezi mitatu, akarudi anaongea kama wao. Alikuwa anapenda kujisikia. Mke wake yupo Kalinzi mpaka leo, ana kahawa."

Nilikaa mchangani. Barua tatu zilikuwa zimevuka ziwa zima kumtafuta mtu ambaye nyumba yake ilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa pikipiki. Salvatori alinitazama, akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha kucheka. "Twende," akasema. "Nitakutafsiria."

Kalinzi ni baridi baada ya joto la ziwani. Tulipanda kwa pikipiki mbili, kisha tukatembea kwenye njia nyembamba kati ya migomba na mikahawa. Mke wa Rukoba aliitwa Generoza. Alikuwa anapukuchua maharage mlangoni, ungo mapajani. "Mwakeye," akatusalimu, akatupa vigoda, hakuuliza tumefuata nini mpaka tulipomaliza kunywa uji. Salvatori alimwambia kwa Kirundi, yeye akajibu kwa Kiha, na walielewana bila shida. Mimi niliyekuja kutafsiriwa nilielewa karibu yote, kwa Kiha nilichokuwa nimekizoea mwaloni. Rukoba alikuwa amefariki nyumbani humo, mwaka mmoja na nusu kabla. Kuhusu kipe, alijua. Watu wanaopandisha dagaa sokoni walimwambia kila mara.

"Mama," nikasema, "mbona hukutuma neno? Tumekuwa tunasubiri ruhusa yenu."

Aliendelea kupukuchua. "Na mimi nilikuwa nasubiri mtu aje kuniomba," akasema. "Nishuke mwenyewe niseme kile ni chetu? Siku nikisema ni chetu, zile nyavu zote zilizochanika zinakuwa juu yangu. Nina migomba na mikahawa michache. Nikaona bora kiwe cha mtu wa ng'ambo."

Nilifungua mfuko nikatoa karatasi niliyokuwa nimeiandaa, yenye nafasi ya dole gumba. Aliitazama bila kuigusa. "Karatasi yako nzuri," akasema. "Lakini inasema mimi natoa nini. Haisemi wao wanatoa nini. Waje wenye nyavu. Waje hapa, wakae hapo mlipokaa, waseme kwa vinywa vyao kwamba hawatanidai. Wakishasema, hata leo leo nitaweka kidole."

Njiani kurudi niliikunja ile karatasi nikairudisha mfukoni. Miaka minne chuoni nilikuwa nimefundishwa kumtafuta mwenye mali. Hakuna aliyenifundisha kujiuliza kwa nini mwenye mali anajificha.

Ilikuwa siku za mwezi, kwa hiyo watu walikuwa na nafasi. Nilichukua daftari, nikaenda kwa kila aliyekuwa kwenye ile safu ya "Imenasa". Wengine walikubali papo hapo. Wengine walisema mlima ni mrefu. Mama Zaituni alipowasikia alijifunga kanga kiunoni akapita mchangani mbele yao wote. "Mimi wavu wangu ndio wa mwisho na ndio mkubwa," alisema. "Kesho asubuhi napanda. Anayejiona amepoteza kuliko mimi abaki, tutamletea maji." Tulipanda kumi na wawili. Tulijaza uwanja wa Generoza, wavuvi wamevaa masweta ya kuazima, wanapuliza mikono. Mama Zaituni alisema wa kwanza. "Mama mwenzangu, wavu wangu uko chini pamoja na kipe cha mumeo. Sikudai wala mtoto wangu hatamdai mtoto wako. Nataka njia tu." Mmoja mmoja wakafuata. Mzee mmoja mkorofi, aliyepoteza kamba ya nanga tu, alisimama mwisho akasema, "Na mimi sidai. Ila zikitoka mbao nzima, mbili nazitaka." Salvatori akamwambia, "Mzee, kamba ilikuwa ya katani, unataka kulipwa meli?" Hata Generoza alicheka mpaka akaweka ungo chini. Ndipo aliponyoosha mkono kudai karatasi. Kabla ya kuweka kidole aliniambia niongeze mstari, nikauandika juu ya goti langu: wenye nyavu wamesamehe. Tuliondoka na mikungu miwili ya ndizi.

Tulikitoa kwa siku tatu. Salvatori alizama na kamba, akafunga, akapanda, akapumzika, akazama tena. Vipe viwili vikavuta kwa pamoja na watu wengine wakavuta kutoka ufukweni. Mimi niliandika kila kilichotoka na jina la mwenyewe. Vilitoka vitu ambavyo watu walikuwa wameshavisahau: karabai iliyojaa matope, mawe ya nanga yenye alama za familia, nyavu juu ya nyavu zikiwa na mifupa ya samaki waliokufa bure. Wavu wa Mama Zaituni ulitoka siku ya tatu, nusu yake imechanika kabisa. Tuliutandaza mchangani. Nilitegemea atalia. Aliinama, akashika pembe iliyokuwa nzima, akaivuta kwa nguvu kuona kama ina uhai, kisha akapaza sauti: "Nani ana sindano?" Walishona usiku na mchana, wanawake na wavuvi, hata yule mzee wa mbao mbili. Giza lilipoanza, Juma alikuwa kwenye kipe kilekile cha Mama Zaituni. Vijana wawili walikuwa wameshakwenda Katonga, wanne walibaki. Salvatori alichukua nafasi moja kati ya zile mbili, na hakuiacha kwa miaka mingi.

Kikao kilichofuata ndicho kilichotunga kanuni. Sikuitunga mimi. Mama Zaituni ndiye aliyesema kwamba tusisubiri mtu afe ndipo tumtafute mke wake. Tangu siku ile, kila aliyeandikisha chombo kwenye daftari langu aliweka kidole mara mbili: mara ya kwanza kusema ni changu, mara ya pili kusema kwamba kikizama na miezi miwili ikipita sijakitoa, wenzangu wakitoe. Karibu wote waliweka bila ubishi. Mtu anayeandikisha chombo kipya ana furaha na ana haraka, na hakuna saa nzuri zaidi ya kumwomba ridhaa.

Wiki chache baadaye, alfajiri, nilikuwa mchangani nasubiri vipe virudi. Salvatori alifika wa kwanza, akaketi kwenye ubao wa mtumbwi akinywa chai ya tangawizi. Juu ya milima ya ng'ambo kulikuwa na nuru moja inayotembea polepole kati ya nyota. Akanionyesha kwa kidevu. "Ile tunaiona kila giza. Wanasema ni chombo cha watu." Nikamwambia ni satelaiti. "Ina mwenyewe?" Nikasema inaye. "Ikifa?" Nikasema labda inaendelea kuzunguka tu. "Na aliyeiandikisha aliweka kidole mara ngapi?" Alikuwa ananitania, lakini mimi sikuwa na jibu, na sikupenda kukosa jibu mbele ya Salvatori. Nilipopata nafasi ya kurudi chuo mwaka uliofuata, nilikuwa nimeshajua nitaandika juu ya nini. Mwalimu wangu aliniuliza kama nina hakika. Alisema ni eneo lisilo na Waafrika wengi. Nikasema ndiyo maana barua zao zinapotea, kama zangu tatu zilivyopotea ng'ambo.

Haya yote niliyakumbuka nikiwa nimekaa kwenye ile meza yenye pete ya kufuli. Nje Mama Zaituni alikuwa anamwelekeza mjukuu wake, ambaye sasa ndiye anayesimamia kipe, jinsi ya kukaanga mgebuka ambao yeye mwenyewe haoni tena kama umeiva, anausikiliza. Baada ya kula aliniuliza mimi na wale Wazungu na Wachina wangu tunabishana nini siku hizi. Nikamwambia kuhusu kipengele. Nikamwambia kwamba safari hii huenda kikapita, kwamba nchi ambazo zamani zilikataa hata kusikiliza sasa zimeomba maandishi, na kwamba wiki ijayo nitarudi kukisoma mbele ya wote. Nilikuwa na furaha, nadhani ilisikika. "Kisome hapa kwanza," akasema.

Nikaleta karatasi. Nikamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari: anayerusha, kabla ya kurusha, anatoa ridhaa, chombo kikifa, muda ukipita, wengine wakiondoe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyousikiliza mgebuka. Nilipomaliza alingoja.

"Endelea."

"Nimemaliza, Mama."

"Umemaliza? Na nyavu zilizochanika?"

Nikaipitia tena karatasi kwa macho.

"Karani," akasema, "huyo mwenye chombo kibovu umemwambia atoe ruhusa. Akishatoa, si amekiri ni chake? Wale ambao vyombo vyao vimegongwa wamemwambia nini? Nani amepanda Kalinzi?"

Nilikuwa nimekaa miaka mitano na kipengele kile. Kilikuwa kimepita mikononi mwa watu wenye vyeo virefu, na kila mmoja aliuliza juu ya neno "ridhaa". Nchi mbili ambazo bado zilikuwa zinasita zilikuwa na vyombo vingi vilivyokufa kuliko wengine, nasi tulikuwa tumeamua kwamba ni wakaidi. Haikunijia kwamba huenda wameketi mlangoni na ungo mapajani, wanasubiri kuambiwa kwamba hawatadaiwa. Nilikuwa nimebeba kanuni ya Kibirizi duniani kote na kuiacha nusu yake Kalinzi, ule mstari mmoja niliouandika juu ya goti.

Nilirudi chumbani. Nikageuza karatasi upande usioandikwa, nikaanza: atakayetoa ridhaa ya chombo chake kuondolewa, wengine hawatamdai kwa uharibifu uliotangulia, na kila mmoja atatamka hivyo mwenyewe. Pete ya kufuli ikashika mkono wa shati, nikauvuta, nikaendelea. Mama Zaituni alipita kwenye korido na kikombe cha chai, akasimama mlangoni, akisikiliza kalamu.

"Unaandika nini sasa?"

"Kalinzi, Mama."

"Andika taratibu," akasema, akiweka kikombe mezani kwa kupapasa mpaka alipoipata pembe. "Kule kuna mlima. Watu wazima watapanda."